Mgomo wa Wapiga Muziki wa Marekani: Gharama Zake, Matokeo Yake na Mafunzo kwa Wanaushirika



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya umoja wetu, wasomaji watakuta mengi juu ya mashamba, mizani, mikopo na hesabu. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika ukurasa wa historia tumeona vyema kuleta habari za wafanyakazi wengine, ambao mazao yao hayapimwi kwa pishi wala kwa ratili: nao ni wapiga muziki. Huenda msomaji akauliza, mkulima wa Mwanakwerekwe ana uhusiano gani na mpiga tarumbeta wa Chicago? Twamwomba astahamili kidogo, kwani watu hao waliungana kama tulivyoungana sisi, wakadai haki yao, wakaipata, kisha wakakaribia kuvunjika kwa sababu ya kugawana kile walichokipata. Habari kama hiyo yafaa kusomwa na kila mwenye hisa.

SANTURI NA MWENYE SAUTI

Mwenye karafuu akishauza gunia lake, gunia limekwenda. Ili auze tena hana budi kungoja msimu, kupalilia, kuchuma, kuchambua na kuanika. Mpiga muziki wa zamani naye alikuwa vivyo hivyo: aliyetaka kusikia udi au fidla ilimbidi amwite mpigaji, amkalishe na amlipe. Santuri ndiyo iliyogeuza mambo. Tangu ilipokuja, mtu alipiga wimbo mara moja mbele ya mashine, na wimbo ule ukauzwa mara elfu, ukasikika katika miji ambayo hajapata kuikanyaga.

Sisi watu wa Unguja tuliijua nguvu hiyo mapema. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye katika ujana wake alikuja mjini kuuza vyungu, alisafiri mwaka 1928 pamoja na wenzake mpaka Bombay, akaimba kwa ajili ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Sauti yake ikaenea pwani yote. Iliweza kusikika Mombasa na Dar es Salaam katika saa moja, naye mwenyewe amekaa nyumbani Ng'ambo. Hiyo ilikuwa ni heshima kubwa kwa kisiwa chetu. Lakini ndani ya heshima hiyo lilikuwamo swali zito: santuri inapoimba katika mkahawa, na mwenye mkahawa akapata wateja kwa ajili yake, je, aliyeimba ana fungu lake katika faida ile?

Swali hilo lilizuka popote santuri ilipofika. Lilipiganiwa kwa nguvu zaidi huko Marekani, kwa sababu wapiga muziki wa huko walikuwa na umoja mmoja mkubwa, na makampuni makubwa ya santuri yalikuwa mlangoni pao. Moja ya makampuni hayo, Victor, lilitumia alama ile ile ya mbwa anayesikiliza santuri iliyokuwa juu ya sahani za His Master's Voice zilizochezwa huku kwetu. Basi ugomvi wa kule haukuwa mbali nasi kama ramani inavyoonyesha.

CHANZO CHA MGOMO

Shirikisho la Wapiga Muziki wa Marekani liliundwa mwaka 1896. Kwa muda mrefu wanachama wake wengi walipata riziki katika nyumba za sinema, ambamo picha hazikuwa na sauti na ilihitajika bendi ya kupiga muziki chini ya pazia. Mwaka 1927 picha zilianza kusema, na katika miaka michache maelfu kwa maelfu ya wapigaji wakaachishwa kazi. Kisha redio zikaanza kucheza santuri badala ya kuajiri bendi, na katika baa na mikahawa zikawekwa mashine ambazo mteja akitia senti humpigia wimbo autakao. Kila kazi iliyokufa iliuawa na santuri, na kila santuri ilipigwa na mwanachama wa Shirikisho lenyewe. Watu walikuwa wakitengeneza kwa mikono yao kitu kitakachowanyima kazi.

Mwaka 1940 Shirikisho lilimchagua James Caesar Petrillo kuwa rais wake. Alikuwa mtu wa Chicago, mpiga tarumbeta wa zamani, mwenye maneno makali na moyo usiotishika. Hakudai santuri zivunjwe, maana alijua kwamba mashine ikishaingia duniani hairudi. Alichodai ni kwamba makampuni yalipe fedha kidogo kwa kila sahani inayouzwa, na fedha hizo ziwekwe katika mfuko wa kuwasaidia wapigaji waliopoteza kazi. Makampuni yalikataa. Tarehe 1 Agosti 1942 Shirikisho likaamuru kwamba hakuna mwanachama atakayepiga chombo chake kwa ajili ya santuri.

Mgomo huo haukuwa wa kukaa nyumbani kabisa. Wanachama waliendelea kupiga dansini na katika redio mbele ya wasikilizaji, na tangu mwaka 1943 waliruhusiwa kurekodi sahani maalumu za kuwafurahisha askari waliokuwa vitani. Kilichofungwa ni mlango mmoja tu, ule wa biashara ya santuri.

NANI ALILIPA GHARAMA?

Wasomaji wetu wanajua kuwa gharama ya jambo haionekani siku ya kwanza. Makampuni yalikuwa na habari kabla ya mgomo, yakatumia mwezi wa Julai 1942 kurekodi usiku na mchana na kujaza ghala zao. Kwa miezi mingi yaliuza akiba hiyo, yakatoa tena hata sahani za zamani. Wimbo mmoja aliouimba Frank Sinatra mwaka 1939 pamoja na bendi ya Harry James, ambao haukununuliwa sana ulipotoka mara ya kwanza, ulitolewa upya mwaka 1943 ukauzwa kwa wingi mkubwa. Hivyo mwenye ghala iliyojaa hana haraka ya kupatana, na haya hatuna haja ya kufundishwa sisi tunaojua tofauti iliyopo baina ya mnunuzi mwenye bohari na mkulima mwenye uwanja wa kuanikia tu.

Ghala zilipoanza kupungua, makampuni yalitafuta mlango wa pili, na mlango huo ulijengwa na Shirikisho wenyewe. Waimbaji hawakuhesabiwa kuwa wapiga muziki, na wengi wao hawakuwa wanachama. Kampuni ya Columbia ikamchukua Sinatra mwaka 1943, ikamwimbisha na kundi la waitikiaji wa sauti tupu, bila fidla wala tarumbeta. Watu wakanunua. Kabla ya hapo mwimbaji alikuwa ni mtu mmoja ndani ya bendi, akingoja zamu yake kitini. Baada ya hapo jina lake ndilo lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Gharama nyingine iliangukia wale wachache waliokuwa wakipata riziki kwa kurekodi. Wengi wa wanachama wa Shirikisho hawakuwa wakirekodi hata kidogo, na kwa hivyo mgomo haukuwapunguzia chochote. Uamuzi ulitolewa kwa jina la wote, na hasara ikakaa juu ya mabega ya wachache. Tunaomba jambo hili lishikwe vizuri, maana ndilo lililorudi baadaye kuutikisa umoja wao.

Tena ipo hasara isiyohesabika kwa fedha. Mwaka 1943 bendi ya Earl Hines ilikuwa na vijana wawili, Charlie Parker na Dizzy Gillespie, ambao walikuwa wakibuni namna mpya ya kupiga jazi. Bendi hiyo haikurekodiwa, na leo hakuna sahani inayoweza kutuonyesha jinsi ilivyosikika. Sanaa ile ilianza kuonekana katika santuri mwezi wa Februari 1944, pale kampuni ndogo ya Apollo, iliyokuwa imekwisha kupatana na Shirikisho, ilipomrekodi Coleman Hawkins pamoja na Gillespie. Mwaka uliopotea haukurudi.

USHINDI NA YALIYOFUATA

Umoja wa matajiri ndio uliovunjika kwanza. Kampuni ya Decca, ambayo haikuwa na akiba kubwa ya kuuza, ilikubali masharti mwezi wa Septemba 1943, na Capitol ikafuata mwezi wa pili yake. Makampuni mawili makubwa, Victor na Columbia, yalishikilia msimamo. Baraza la serikali lililosimamia kazi wakati wa vita liliamuru mgomo ukome, na mwezi wa Oktoba 1944 Rais Roosevelt mwenyewe alimwandikia Petrillo akimwomba arudishe watu kazini. Petrillo alikataa. Tarehe 11 Novemba 1944 makampuni yale mawili nayo yakatia sahihi. Mgomo ulikuwa umechukua miaka miwili na zaidi ya miezi mitatu.

Malipo yaliyokubaliwa yalikuwa madogo mno kwa kila sahani, yakianzia robo ya senti. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Fedha zile ziliingia katika mfuko, na mfuko ukawalipa wapigaji wasio na kazi wapige bure kwa ajili ya umma, katika mahospitali, maskuli na mabustani ya miji. Maskini aliyelala hospitalini alisikia bendi, na mpigaji aliyeshindwa na santuri alipata ujira. Katika historia ya wafanyakazi wa dunia, ni mara chache mashine iliyoondoa kazi ililazimishwa kuchangia riziki ya wale iliowaondoa.

Lakini ushindi ulizaa maadui. Mwaka 1947 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Taft-Hartley, iliyozuia vyama vya wafanyakazi kupokea na kuendesha wenyewe mifuko ya namna hiyo. Mikataba ilipokwisha mwishoni mwa mwaka huo, Shirikisho likagoma tena tangu tarehe 1 Januari 1948. Mara hii suluhu ilipatikana tarehe 14 Disemba 1948, kwa njia ya busara: mfuko uliendelea, ila ukawekwa chini ya mdhamini wa peke yake, asiye wa Shirikisho wala asiye mtumishi wa kampuni. Mdhamini wa kwanza alikuwa Samuel Rosenbaum. Kazi ya mfuko huo ya kugharimia muziki wa bure kwa umma ilidumu ikaingia katika karne hii.

Mwaka huo huo wa 1948 Unguja nayo ilikuwa na mgomo wake. Mwezi wa Agosti wachukuzi wa bandarini waliacha kazi, na mwezi wa Septemba mgomo ukaenea katika kazi nyingine za mjini. Mombasa ilikuwa imegoma mwezi wa Januari 1947, na Dar es Salaam mwezi wa Septemba wa mwaka huo. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu kuliko ujira wa watu. Hatuwalinganishi wachukuzi wetu na wapiga fidla wa New York. Twasema tu kwamba swali lilikuwa moja: anayebeba mzigo ana fungu gani katika thamani ya mzigo? Na tofauti nayo ilikuwa moja: Shirikisho la Marekani lingeweza kungoja mwaka mzima, kwa kuwa wanachama wake waliendelea kulipwa dansini, bali mchukuzi wa bandarini asiyechukua mzigo leo hana cha kupika kesho.

Turudi kwa wanamuziki. Baada ya vita bendi kubwa za Marekani zilianza kuanguka. Mwezi wa Disemba 1946 peke yake wakuu kadha wa bendi, miongoni mwao Benny Goodman, Tommy Dorsey na Woody Herman, walivunja bendi zao. Haingekuwa haki kuutupia mgomo lawama yote. Vita vilichukua vijana, petroli iligawiwa kwa kipimo, serikali ilitoza kodi nzito katika majumba ya dansi, na watu waliorudi kutoka vitani walitaka kukaa nyumbani na aila zao. Hata hivyo mgomo ulikuwa umewapa waimbaji nafasi, na nafasi hiyo hawakuirudisha. Waliogoma walirudi studio wakakuta kiti cha mbele kina mtu.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja kutoka ndani. Huko Los Angeles waliishi wapigaji hodari waliorekodi muziki wa filamu na wa santuri. Wao ndio waliokuwa wakizalisha fedha za mfuko, na sehemu kubwa ya fedha hizo ililipa watu wengine mahali pengine. Fedha zilizotokana na filamu za zamani kuonyeshwa katika televisheni nazo zilipelekwa katika mfuko, badala ya kumfikia yule aliyepiga. Mwaka 1956 wapigaji wa Los Angeles wakainuka, wakiongozwa na Cecil Read. Shirikisho lilimwadhibu kwa kumtoa katika uanachama. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1958 wakaunda chama chao mbali. Mwaka huo huo Petrillo, aliyekuwa amemkatalia hata Rais wa Marekani, aliacha urais wa Shirikisho. Chama kile kilirejea katika Shirikisho mwaka 1961, na katika miaka hiyo ya 1960 ikawekwa njia ya pili, ambayo kwayo sehemu ya fedha za santuri hulipwa wale wale waliorekodi. Hivyo mfuko wa umma ukabaki, na mfanyaji naye akapata fungu lake.

Ebu tutazame nani alikuwa na haki. Petrillo alisema kwamba fedha ni za wote, kwa kuwa bila ya nguvu ya wote zisingalipatikana. Read alisema kwamba fedha ni za aliyefanya kazi, kwa kuwa bila ya kazi yake kusingekuwa na cha kugawa. Kila mmoja alisema kweli, na kosa lilikuwa katika kuchelewa kuziweka kweli hizo mbili katika kanuni moja. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, kesi na mfarakano, kupata mgao ambao ungeliweza kujadiliwa mapema katika mkutano.

HABARI YA KARIBU

Asidhani msomaji kwamba mambo haya yamekwisha. Mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani, wapatao 11,500, waligoma kwa siku 148, kuanzia tarehe 2 Mei mpaka tarehe 27 Septemba. Waigizaji nao wakagoma siku 118, kuanzia tarehe 14 Julai mpaka tarehe 9 Novemba. Tangu mwaka 1960 makundi hayo mawili hayakuwa yamegoma kwa wakati mmoja. Madai yao yalikuwa yale ya zamani yaliyovaa nguo mpya: filamu inayotazamwa kwa njia ya intaneti tena na tena imlipe nini aliyeitunga, na akili mnemba izuiwe vipi kuchukua sura na sauti ya mtu bila idhini yake wala malipo.

Walipata mengi, ikiwamo nyongeza ya ujira na masharti juu ya akili mnemba. Lakini maseremala, madereva, mafundi wa taa, wapishi na wafuaji nguo wa studio, ambao hawakugoma wala hawakuketi katika meza ya mapatano, walikaa miezi bila kazi. Tena mgomo ulipokwisha kazi hazikurudi zote Los Angeles. Studio zilipunguza idadi ya filamu, na nyingine zilitengenezwa mahali penye gharama nafuu. Wahenga walikwisha sema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi hazina chama.

YATUPASAYO SISI

Mwanakwerekwe ni mahali ambapo watu wa shamba na wa mjini hukutana kila siku sokoni. Muhogo, ndizi, nazi na mboga huteremshwa, na katika kila duka kuna wimbo unaolia kutoka katika redio au simu. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, iliyotungwa ili mwenye wimbo asisahauliwe. Mwenye muhogo hana sheria ya namna hiyo. Ngao yake ni ushirika, na ushirika una nguvu kwa kadiri ya hesabu zake na uaminifu wa watu wake.

Tukiingia katika mwaka wa kumi na moja, historia hii yatuonya mambo matatu. La kwanza ni akiba. Kampuni yenye ghala iliweza kungoja, na isiyo na ghala ilipatana kwanza; nasi tusipokuwa na mfuko wa akiba, mnunuzi atajua siku yetu ya kushindwa kabla yetu. La pili ni watu walio nje. Shirikisho liliwaacha waimbaji mlangoni, na mlango ule ndio uliotumiwa na matajiri. Wako wapi katika daftari letu wanawake wanaolima viwanja vidogo, vijana wanaokodi ardhi, na wachukuzi wa mzigo? Mnunuzi akitaka kuupita ushirika, atapitia kwao.

La tatu, na ndilo kubwa, ni mgao. Mwanachama anayeleta gunia ishirini na yule anayeleta mawili wote wana kura moja, na ndivyo inavyopasa. Lakini ziada inapogawiwa, yule wa ishirini atauliza kwa nini sehemu ya jasho lake imejenga bohari analotumia kila mtu, na yule wa mawili atauliza kwa nini wenye mashamba makubwa wapate zaidi wakati nguvu ya bei ilitokana na wingi wa watu. Maswali yote mawili ni halali. Wajibu wa maofisa ni kuyasikia katika mkutano mkuu, kuyajibu kwa tarakimu zilizo wazi, na kuyaandika katika kanuni kabla hayajawa fitina. Na mwanachama naye ana wajibu wa kuhudhuria, kuuliza na kusoma daftari, si kunung'unika barazani baada ya mkutano kufungwa.

Wapiga muziki wa Marekani walishinda makampuni kwa muda wa miaka miwili, kisha wakahitaji zaidi ya kumi kupatana wao kwa wao. Sisi tumekwisha kupata miaka kumi ya kukaa pamoja. Mkutano mkuu ujao, suala la mgao wa ziada liwekwe la kwanza katika orodha ya mambo, wakati watu wote wangali macho na chai haijaletwa.